Leseni Isimamishwe kwa Ngazi, Si kwa Hasira

Haya ni mazungumzo tuliyokuwa nayo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka sehemu za Meru na Embu. Wengi waliomba yaandikwe ili wakawasomee wenzao nyumbani. Tumeyaandika jinsi tulivyoyasema.

 

Tulipowatumia barua ya mkutano, wengine mliuliza: "Leseni ya dereva inatuhusu nini sisi? Sisi ni watu wa majani chai, mbuzi wa maziwa na mikopo ya mzunguko." Ni swali zuri. Tutalijibu kwa kisa kimoja tulichokiona kwa macho yetu.

Kuna kikundi kimoja tunachokitembelea. Jina lake hatutalitaja. Sanduku lao la pesa lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa na mama wake. Mmoja wa hao kina mama ni mjane. Mume wake alikuwa akitembea kando ya lami alfajiri, akipeleka maziwa, akagongwa na pikapu iliyokuwa ikikimbiza miraa. Mama mwingine wa kikundi hicho hicho ana kijana wake ambaye ni dereva wa pikapu kama hiyo. Si yeye aliyemgonga yule mzee. Lakini kazi ni ile ile, na barabara ni ile ile.

Siku moja tulikuta mkutano umekwama. Kijana alikuwa ameshikwa mara ya tatu kwa mwendo wa kasi, na mama yake alikuwa ameomba mkopo wa kulipa faini. Mara ya kwanza kikundi kilitoa. Mara ya pili kikatoa. Mara hii mjane alishika ufunguo wake mkononi akakataa kuuingiza kwenye kufuli. Akasema, "Mara mbili tumelipa faini. Sasa mnataka tulipie nini, faini au sanda?" Mama wa dereva akajibu huku machozi yakimtoka, "Na wakimpokonya leseni, watoto wake watakula nini? Na ule mkopo wa ng'ombe atalipa nani?"

Wote wakatugeukia sisi. Tulikuwa tumekaa pale na diploma yetu ya kazi za jamii, na hatukuwa na jibu. Tulisema tu, "Hebu tukafikirie." Haya tunayowaambia leo ndiyo tuliyofikiria.

BARABARA ZETU

Tukienda matanga tunasikia watu wakisema ajali haina kinga. Ni neno la kumfariji aliyefiwa, na hatutaki kulikataza. Lakini si neno la kutengenezea sheria. Dereva aliyeshikwa mara tatu kwa kosa moja amebisha hodi mara tatu. Tukisema ajali yake haikuwa na kinga, maana yake ni kwamba sisi tulikuwa ndani na hatukufungua mlango.

Tuangalie hesabu. Kwa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, ambayo tumezoea kuiita NTSA, waliokufa barabarani katika Kenya walikuwa 4,690 mwaka 2022, wakawa 4,324 mwaka 2023, wakapanda tena kuwa 4,748 mwaka 2024. Hiyo ya mwisho ni karibu watu 13 kila siku. Na wengi kushinda wote ni wale wanaotembea kwa miguu, si wale walio ndani ya magari. Ni mimi na wewe tukienda sokoni.

Hapa kwetu tuna kidonda chetu. Jumapili tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye Daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. NTSA ilisimamisha leseni ya kampuni ya basi hilo. Kusimamisha kulifaa. Lakini kulikuja baada ya jeneza. Tangu siku hiyo tunajiuliza: je, adhabu ya leseni ni ya kufunga mlango ng'ombe ameshatoka, au inaweza kuja mapema, wakati dereva bado ana nafasi ya kubadilika?

Tena kuna jambo la biashara yetu. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere ni mali inayokufa haraka. Kila saa inayopita bei inashuka. Ndiyo maana pikapu na Probox zinakimbia namna ile kwenda Nairobi. Hiyo mali inalisha nyumba zetu nyingi na kulipa karo za watoto wetu. Kwa hivyo tusiongee juu ya madereva kana kwamba ni watu wa nchi nyingine. Kasi ile ni ya dereva, lakini pia ni ya soko, na ni ya mwenye gari.

SHERIA INASEMAJE

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Kusimamisha leseni ni kuizuia kwa muda, halafu inarudi. Kufuta leseni ni kuiondoa kabisa, na mtu akitaka tena anaanza upya akiruhusiwa.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaipa mahakama uwezo wa kufanya yote mawili. Kifungu cha 46 kinahusu mtu anayesababisha kifo kwa kuendesha ovyo au kwa kasi ya hatari. Huyo anaweza kufungwa hadi miaka 10, na hakimu ni lazima afute leseni yake na kumzuia kupata nyingine kwa miaka 3, ikihesabiwa tangu kuhukumiwa au tangu amalize kifungo. Kifungu cha 44 kinahusu anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulitawala gari. Faini yake inafika shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili.

Halafu kuna makosa madogo. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka faini za papo hapo. Aliyepita kiwango cha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa anaonywa. Kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500. Kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 3,000. Kilomita 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Mnaona hapo kuna ngazi. Lakini ni ngazi ya pesa.

Mbali na mahakama, NTSA yenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ina uwezo juu ya leseni, pamoja na zile za sacco na kampuni za matatu na mabasi. Asiyeridhika na uamuzi wake ana mahali pa kukata rufaa, yaani Bodi ya Rufaa ya Leseni za Uchukuzi. Wengi hawajui bodi hiyo ipo, kwa hivyo liandikeni.

MAPUNGUFU TUNAYOYAONA

La kwanza, adhabu nyingi ni pesa. Shilingi 10,000 kwa mwenye magari matano ni mafuta ya siku. Kwa dereva wa kuajiriwa ni mbuzi wawili wameuzwa, au ni kikundi kimekopa. Yaani kosa ni moja, lakini mmoja anacheka na mwingine analala njaa. Huko Ufini waliliona jambo hili, wakaamua faini za makosa makubwa zaidi zifuate kipato cha mtu. Lakini siku haina tajiri wala maskini. Siku 30 bila leseni ni siku 30 kwa kila mtu. Ndiyo maana tunasema leseni ni kipimo cha haki kuliko pesa, ikitumiwa vizuri.

La pili, faini haina kumbukumbu. Ukilipa leo umemaliza. Kesho ukishikwa tena, unalipa kama mtu mpya. Yule kijana wa kisa chetu alilipa mara mbili, na hakuna aliyemwita kumwambia, "Wewe, hii ni mara ya pili."

La tatu, adhabu inakuja kwa hasira. Mnajua wenyewe. Ikitokea ajali kubwa, msako unaanza, barabara inajaa vizuizi, magari yanalala kituoni, na dereva aliyesahau mkanda anawekwa pamoja na mlevi. Baada ya wiki mbili mambo yanarudi yalivyokuwa. Mtoto anayepigwa siku baba amekasirika na kuachwa siku baba amefurahi hajifunzi tabia njema. Anajifunza kuangalia uso wa baba.

La nne ni kitu kidogo. Mahali ambapo adhabu haijulikani, ndipo hongo inapata nafasi. Dereva akiambiwa "tunaweza kukufungia leseni" bila kujua ni kwa muda gani, kwa sheria gani na nani ataamua, atatoa noti. Lakini akijua hakika kwamba kosa lake ni onyo la maandishi tu, atahonga kwa nini?

VIKUNDI VYETU TAYARI VINAJUA

Sasa tusidhani jambo hili ni la wataalamu wa Nairobi. Fungueni daftari la faini la kikundi chenu. Mwanachama akichelewa analipa shilingi 20. Akikosa bila taarifa analipa 50. Akikosa mara tatu mfululizo anaitwa mbele ya kamati. Akiendelea, anasimamishwa asipate zamu yake mpaka arekebishe. Na aliyeiba sanduku hatupitishi kwenye hizo hatua zote, huyo anatoka siku hiyo hiyo. Je, nani aliwafundisha? Hakuna. Mlijua wenyewe kwamba kosa dogo na kosa kubwa havipimwi kwa kibaba kimoja, na kwamba kosa linalorudiwa ni zito kuliko la kwanza.

Wameru wanajua pia kwamba wazee wa Njuri Ncheke hutoza faini za mifugo kulingana na uzito wa kosa. Adhabu ikiwa na kiwango, mkosaji anajua inaanzia wapi na inaishia wapi.

Nchi nyingine zimefanya kitu kama daftari letu la faini. Wanakiita hesabu ya alama. Kila kosa lina alama zake, na zinaandikwa kwenye rekodi ya dereva. Uingereza, dereva akifikisha alama 12 ndani ya miaka 3 kwa kawaida anazuiwa kuendesha kwa miezi 6 au zaidi. Dereva mpya wa huko akifikisha 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza anapoteza leseni. Ujerumani, kuanzia 2014, ukifikisha alama 8 leseni inaondolewa. Kenya nayo imezungumzia alama kwa miaka mingi, hasa tangu leseni za kadi zianze mwaka 2017.

Lakini tuchukue na onyo. Afrika Kusini walipitisha sheria ya alama mwaka 1998, na zaidi ya miaka 20 baadaye kuhesabu kwenyewe kulikuwa bado hakujaanza nchi nzima. Kuandika sheria ni siku moja. Kuweka daftari safi, lisilofutwafutwa, ndiyo kazi.

NGAZI TUNAYOPENDEKEZA

Haya ni maoni yetu. Mnaweza kuyakubali au kuyakataa.

Ngazi ya kwanza ni makosa ya karatasi na vitu vidogo. Mtu amesahau leseni nyumbani, taa moja ya nyuma imeungua, mstari wa manjano wa matatu umefifia. Leseni isiguswe. Apewe siku chache arekebishe na kuonyesha amerekebisha. Akipuuza, hapo ndipo faini.

Ngazi ya pili ni makosa ya mazoea, kama kupita kiwango cha mwendo kwa kiasi, kubeba abiria kupita kipimo, au kuendesha bila mkanda. Kila kosa liandikiwe alama. Mara ya kwanza awe na onyo la maandishi na somo la siku moja la usalama. Akirudia ndani ya miaka miwili, leseni isimamishwe mwezi mmoja. Akirudia tena, miezi mitatu. Tena, miezi sita. Hapo yule kijana wetu angekuwa ameketi darasani baada ya mara ya kwanza, na ameketi nyumbani mwezi mzima baada ya ya pili. Huenda ya tatu isingekuwepo.

Ngazi ya tatu ni makosa ya kuhatarisha watu kwa kujua. Kupita gari lingine kwenye kona usikoona mbele, kuteremka Nithi kwa kasi na abiria nyuma, kuendesha umelewa, kugonga mtu na kukimbia. Hapa tusisubiri mara ya tatu. Isimamishwe mara ya kwanza, kwa miezi sita au mwaka mzima, na kesi isikizwe haraka.

Ngazi ya nne ni kifo. Sheria imeshasema miaka 3. Sisi tunaongeza neno moja tu. Miaka hiyo ikiisha, mtu asipewe leseni kama anayechukua mwavuli wake alioacha mahali. Afundishwe, apimwe upya, ndipo arudi barabarani.

Na ngazi zote ziwe na masharti matatu. Sharti la kwanza, mtu asikizwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inasema uamuzi wa ofisi ya serikali uwe wa haki na wa sheria, na kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa apewe sababu kwa maandishi. Leseni ya dereva ni jembe lake. Haiwezi kuchukuliwa kwa kelele kando ya barabara.

Sharti la pili, alama zizeeke. Dereva akikaa miaka miwili bila kosa, zifutwe. Mtu asiyeona mwisho wa adhabu hana sababu ya kujirekebisha.

Sharti la tatu, mlango wa kurudi usifunguliwe kwa pesa, ufunguliwe kwa mafunzo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi naye lazima anunue koleo jipya.

NA MWENYE GARI JE?

Hapa ndipo tuliposhikwa na hasira kidogo, tusamehewe.

Dereva wa matatu anapewa hesabu ya siku. Lazima ifike jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Dereva wa pikapu anaambiwa mzigo uwe sokoni kabla ya saa fulani. Akishikwa, ni leseni yake. Mwenye gari anapiga simu, anatafuta mtu wa skwodi, na gari linaendelea siku hiyo hiyo na mwendo ule ule. Tumemwadhibu mmoja, na kasi iko pale pale.

Kwa hivyo tunasema alama ziandikwe pia kwa gari na mwenyewe. Gari moja likishikwa kwa mwendo mara tatu katika mwaka, hata kama ni madereva watatu tofauti, gari lilale. Hapo mwenye gari atauliza dereva mpya, "Umeendesha vipi?" badala ya "Umeleta ngapi?"

Kuna jambo la sacco. Kanuni za mwaka 2014 zilitaka sacco au kampuni ya magari ya abiria iwe na magari yasiyopungua 30. Ikisimamishwa nzima kwa kosa la gari moja, wanaoumia ni madereva 29 wasio na hatia, makanga wao, na mama aliyesimama stejini Chuka na mtoto mgonjwa. Kusimamisha sacco nzima kubaki kwa sacco ambayo yenyewe imeshindwa, haikagui magari, haijui madereva wake, au inaficha makosa. Hiyo isimamishwe bila huruma.

Na tusisahau kijana wa boda boda asiye na leseni kabisa. Leseni haiwezi kunyang'anywa asiye nayo. Ngazi zetu zote hapo juu zinamwacha nje. Huyo njia yake ni nyingine, pikipiki ishikwe mpaka apate leseni ya pikipiki. Na hapa, wapendwa, tunajiangalia sisi wenyewe, kwa sababu nyingi za pikipiki hizo zilinunuliwa kwa mikopo ya vikundi kama hivi vyetu. Tulimuuliza kijana kama ana wadhamini wawili. Tulimuuliza kama ana leseni?

WATOTO WATAKULA NINI?

Sasa turudi kwa swali la yule mama, kwa maana ndilo gumu.

Mahakamani hata ng'ambo dereva husema, "Mkinizuia, watoto wangu watateseka." Si uongo. Na sisi tunaofanya kazi na familia hatuwezi kulipuuza, tumeona nyumba zinavunjika kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kwa makosa ya ngazi ya kwanza na ya pili tunasema sheria imsikilize. Ndiyo maana tulianza na onyo na somo. Mwezi mmoja unaumiza, lakini hauui.

Lakini kwa ngazi ya tatu na ya nne tunasema hapana. Maana yule mjane naye ana watoto, na hakuna hakimu aliyemuuliza watakula nini. Sheria ikipima njaa ya nyumba ya dereva peke yake, imeweka jiwe upande mmoja wa mizani. Tena tuseme ukweli. Mwaka bila leseni, dereva anaweza kulima, kuchuna majani chai, kupakia mizigo. Yule mzee wa maziwa hatarudi.

KAZI YA KIKUNDI

Sheria si yetu kutunga, ni ya Bunge. Lakini kuna mambo manne yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, mkopo wa pikipiki au gari usitolewe kabla ya kuona leseni ya atakayeendesha. Si nakala, leseni yenyewe.

Pili, kikundi kisikopeshe pesa za faini ya mwendo wa kasi zaidi ya mara moja. Kikopeshe ada ya mafunzo. Hiyo ni tofauti kubwa.

Tatu, kikundi chenye gari kiandike katika kanuni zake kwamba hesabu ya siku haitapandishwa kiasi cha kumlazimisha dereva kukimbia, na kwamba mwanachama atakayemtuma dereva kwa kasi atawajibika pamoja naye.

Nne, wananchi wakiitwa kutoa maoni kuhusu kanuni za barabara, twendeni. Twende na maneno mafupi: ngazi ijulikane, mtu asikizwe, mwenye gari aguswe, mlango wa kurudi uwepo.

Mtauliza kile kikundi kiliishia wapi. Tulirudi baada ya wiki mbili tukawaeleza kama tulivyowaeleza nyinyi. Walizozana mpaka jua likazama. Mwishowe walikubaliana hivi. Faini ya tatu kikundi hakitalipa. Kijana alipe mwenyewe kidogo kidogo, na yeye na mama yake waende pamoja kwa mwenye pikapu kumwambia kwamba mzigo uondoke saa moja mapema. Kama hataki, kijana aache kazi hiyo, na kikundi kimkopeshe aanze nyingine.

Mwenye pikapu hakutaka. Kijana aliacha. Kwa sasa anabeba mchanga na mawe kwa lori la mtu, mshahara ni mdogo kuliko wa kwanza, na mama yake bado hajafurahi. Hatutawadanganya kwamba kila mtu alienda nyumbani akiimba. Lakini siku ya kutoa ule mkopo wa kuanzia, funguo tatu ziliingia kwenye kufuli tatu, na ufunguo wa mjane ndio uliotangulia.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika daftari letu la faini, ni kosa gani tunaloliadhibu kwa hasira, na ni lipi tunaloliadhibu kwa ngazi?

2. Je, tumewahi kumkopesha mtu gari au pikipiki bila kuona leseni? Tutafanya nini juu ya mkopo huo sasa?

3. Dereva akisema watoto wake watateseka, ni makosa gani tungekubali asamehewe, na ni yapi tusingekubali?

4. Ni nani anayeamua mwendo wa magari yanayobeba mali yetu? Tunaweza kumwambia nini, na ni nani kati yetu atakayekwenda?